Newport, Julai 1956: ni nini hasa kilichowainua watu vitini Duke Ellington alipopiga?

#1 Santuri Kongwe

Wakuu, habari zenu.

Nimeisikiliza rekodi hii kwa miaka mingi na swali langu halijapata jibu linaloniridhisha, kwa hiyo nalileta kwenu. Usiku wa tarehe 7 Julai 1956, katika uwanja wa Freebody Park mjini Newport, Rhode Island, bendi ya jazz ya Duke Ellington, mpiga piano na mtunzi wa Marekani, ilipiga kipande kiitwacho "Diminuendo and Crescendo in Blue". Hakikuwa kipya hata kidogo, kwa sababu Ellington alikirekodi tangu mwaka 1937. Katikati yake Paul Gonsalves alisimama na saksafoni ya tena, akapuliza mizunguko 27 ya bluzi mfululizo. Watu waliokuwa wameanza kuelekea milangoni wakageuka, wengine wakapanda juu ya viti, wengine wakaanza kucheza katikati ya njia, na mwandaaji wa tamasha, George Wein, akaingiwa na hofu kwamba usiku ungeishia kwenye vurugu.

Mkumbuke hali ya bendi ilivyokuwa kabla ya hapo. Johnny Hodges na Lawrence Brown waliondoka mwaka 1951, na ingawa Hodges alirudi mwaka 1955, majira ya joto ya mwaka huohuo bendi ilikuwa ikisindikiza maonyesho ya majini kule Flushing, New York. Mtu aliyetunga muziki wa hadhi ile alikuwa akiwapigia waogeleaji. Halafu ukaja usiku mmoja, na tarehe 20 Agosti 1956 sura yake ikatokea kwenye jalada la jarida la Time. Ellington mwenyewe alikuwa akisema kwamba alizaliwa Newport mwaka 1956, ilhali alizaliwa Washington mwaka 1899.

Kwa maoni yangu sababu ni Gonsalves na pumzi yake. Ningependa kusikia mnavyoona ninyi.

#2 Mjukuu wa Kariakoo

Ahsante kwa uzi huu, mkuu. Mimi natofautiana nawe mapema kabisa. Sababu ni yule mwanamke mwenye nywele za dhahabu, aliyevaa gauni jeusi, ambaye alinyanyuka kutoka kwenye viti vya mbele vya watu wenye nafasi zao, akaanza kucheza peke yake. Picha yake ilichapishwa kwenye jalada la santuri yenyewe. Kabla hajanyanyuka, umati ulikuwa ukisikiliza kwa adabu kama watu waliokaa kwenye mhadhara, na baada ya hapo kila mtu akajiona amepewa ruhusa.

Ninasema hivi kwa sababu nimekulia karibu na kumbi za dansi na jambo hili nimeliona mara nyingi. Bendi inaweza kupiga vizuri saa nzima, watu wamekaa na soda zao, sakafu tupu. Akishuka mmoja asiyeona haya, hasa mwanamke, ndani ya wimbo mmoja huoni tena mahali pa kuweka mguu. Mpigaji naye, akiona miguu inamjibu, hupuliza kwa namna nyingine kabisa. Kwa hiyo mizunguko 27 ya Gonsalves tunapaswa kumshukuru yule mama, maana pasipokuwa naye huenda ingekuwa kumi.

#3 Mwalimu wa Noti

Naomba niongeze hesabu, kwani bila hesabu hatutaelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Mzunguko mmoja wa bluzi una vipimo 12. Mizunguko 27 ni vipimo 324, na kila kipimo kina mapigo manne, kwa hiyo tunazungumzia mapigo 1,296 yaliyopulizwa na mtu mmoja kwa zaidi ya dakika sita. Kipande kizima kinachukua dakika 14 na sekunde kadhaa. Mwaka 1937 kipande hicho kiligawanywa kwenye nyuso mbili za santuri ya mizunguko 78 kwa dakika: uso wa kwanza ni ule muziki unaopungua, na uso wa pili ni ule unaopanda. Kati ya nyuso hizo hapakuwa na kitu isipokuwa msikilizaji kuinuka na kuigeuza santuri.

Hapo ndipo ninapoliona jibu langu. Ellington alikuwa na mlango ulio wazi katikati ya kipande, na kwa miaka mingi alijaribu kuuziba kwa namna mbalimbali. Katika maonyesho ya Carnegie Hall ya miaka ya arobaini aliweka hapo utunzi mwingine wa taratibu uitwao "Transblucency". Newport aliweka mtu na kumwachia apulize apendavyo. Sikilizeni linalotokea baadaye: Gonsalves anamaliza, Ellington anaingia na piano peke yake kwa muda mfupi, halafu bendi nzima inarudi chini kabisa na kuanza kupanda, ngazi kwa ngazi, hadi Cat Anderson anapofunga kwa tarumbeta juu kabisa mahali ambapo wengine hawafiki. Umati ulikuwa umekwishachemka kabla ya sehemu ya kupanda kuanza. Kwa hiyo muundo wa kipande ndio uliowabeba watu, na muundo huo ulikuwa umesubiri tangu 1937 upate daraja linalostahili.

#4 Mpiga Besi wa Zamani

Salaam. Nimepiga besi kwenye bendi za dansi kwa miaka kumi na tisa na ninasikitika kidogo kuona mizunguko 27 inahesabiwa bila kumtaja aliyekuwa chini yake. Jimmy Woode alikuwa kwenye besi na Sam Woodyard kwenye dramu, na wote wawili waliingia kwenye bendi mwaka 1955. Maana yake ni kwamba Ellington alikuwa na injini mpya ambayo watu wa tamasha walikuwa hawajaizoea. Msikilizeni Woodyard nyuma ya Gonsalves: hasukumi mbele wala havuti nyuma, ila pigo la pili na la nne analiweka kwa uzito uleule kutoka mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho. Jambo hilo linaumiza mkono. Mtu ambaye hajawahi kupiga hawezi kujua jinsi vidole vinavyowaka moto ukiombwa ushikilie mwendo uleule kwa dakika sita huku mpuliza saksafoni akipanda kichaa juu yako, nawe huruhusiwi kupanda naye.

Yupo mwingine ambaye hamjamtaja. Kando ya jukwaa, mahali ambapo umati haukuweza kumwona, alikuwapo Jo Jones, mpiga dramu wa zamani wa Count Basie, ambaye usiku ule alikuwa amekwishapiga na kikundi cha Teddy Wilson. Alishika gazeti lililokunjwa akawa anapiga nalo ukingo wa jukwaa na kuwachochea wapigaji kwa sauti. Bendi ilimwona na kumsikia. Mwandaaji wa santuri hiyo, George Avakian wa kampuni ya Columbia, aliliandika jambo hilo kwenye maelezo ya jalada, wala si hadithi ya vijiweni. Kwangu mimi moto ule ulianzia kwa wapigaji, na watu waliokaa vitini uliwafikia baadaye.

#5 Nahodha wa Chake

Nawaheshimu nyote, lakini mnajadili kelele za umati ambazo zilibandikwa studio. Ile santuri ya 1956 si ya Newport. Ellington alirudi New York akarekodi upya, kisha wakaongeza makofi. Sasa tunawezaje kusema nini kiliwainua watu wakati hata watu wenyewe ni wa kubandika?

#6 Kipaza Sauti

Mheshimiwa Nahodha, umeshika nusu ya ukweli, na nusu hiyo imewapotosha wengi kabla yako, kwa hiyo naomba nafasi nieleze taratibu.

Ni kweli kwamba tarehe 9 Julai, siku mbili baada ya tamasha, bendi iliingia studio ya Columbia New York na kurekodi upya, hasa ile "Newport Festival Suite" (mfululizo wa vipande vinavyopigwa pamoja) ambayo Ellington na mtunzi mwenzake Billy Strayhorn waliitunga kwa ajili ya tamasha lile. Ilikuwa kazi mpya, bendi ilikuwa haijaizoea, na Ellington hakuridhika na jinsi ilivyopigwa jukwaani. Ni kweli pia kwamba makofi yaliongezwa. Lakini Gonsalves hakurudia mizunguko ile studio. Kile unachokisikia ni cha usiku uleule.

Kasoro yake ilikuwa nyingine. Jukwaani palikuwa na vipaza sauti viwili karibukaribu, kimoja cha Columbia na kingine cha Sauti ya Amerika, iliyokuwa ikirekodi kwa ajili ya matangazo yake. Gonsalves alikisogelea kile cha Sauti ya Amerika. Ndiyo maana kwenye santuri ya zamani saksafoni yake inasikika kwa mbali, kana kwamba mtu anapuliza kutoka chumba cha pili na mlango umeegeshwa, huku umati na dramu vikiwa karibu na sikio lako. Kwa miaka 40 watu waliipenda rekodi ambayo shujaa wake hasikiki vizuri.

Katika miaka ya tisini kanda ya Sauti ya Amerika ilipatikana kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani. Phil Schaap, mtaalamu wa historia ya jazz, akazilinganisha kanda mbili, ile ya Columbia upande mmoja na ile ya redio upande wa pili, na mwaka 1999 yakatoka maonyesho kamili kwenye diski mbili, kwa sauti ya stereo ambayo mwaka 1956 hakuna aliyekusudia kuirekodi. Ukiisikiliza hiyo, Gonsalves yuko mbele yako kabisa, na unasikia hata wenzake wakimpigia kelele za kumtia moyo, Ellington akiwamo.

Kwa hiyo swali la Santuri Kongwe ni halali. Ninachoomba ni kila mchangiaji aseme ametumia rekodi ipi, maana aliyesikiliza ile ya zamani atasema ni umati na dramu, na aliyesikiliza ya 1999 atasema ni saksafoni. Huenda ubishi wetu wote ni ubishi wa vipaza sauti viwili.

#7 Binti wa Ujiji

Nimesoma mchango #6 mara mbili, na ahsante sana. Kutajwa kwa Sauti ya Amerika kumenikumbusha nyumbani. Marehemu baba alikuwa na redio ya mbao yenye kitambaa cha rangi ya kahawia usoni, na usiku, ziwa likiwa limetulia, alikuwa akitafuta masafa mafupi kwa kuzungusha kitufe polepole kama anayefungua kufuli la mtu mwingine. Kipindi cha jazz cha Willis Conover alikuwa akikisikiliza bila kukosa. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini alituambia kwamba mzungu yule anazungumza taratibu ili na sisi tuelewe. Sauti ilikuwa ikija na kuondoka kama mawimbi, na inapoondoka baba hakugusa redio, alikuwa akinyoosha mkono hewani na kuendeleza mwendo kwa kidole hadi muziki urudi. Mara nyingi uliporudi, kidole chake kilikuwa palepale unapostahili kuwa.

Kuhusu hoja yenyewe, mimi nauliza jambo moja dogo: ilikuwa saa ngapi? Kwa sababu naona mnazungumzia muziki tu, na usiku nao una nguvu zake.

#8 Kipaza Sauti

Binti wa Ujiji, swali lako ni zuri kuliko linavyoonekana. Bendi ya Ellington ilipanda mara ya kwanza mapema jioni, lakini wapigaji wanne hawakuwapo, akiwamo Woode mwenyewe na Clark Terry. Wakapiga vipande vichache kisha wakaambiwa wasubiri. Wakasubiri saa tatu hivi, bendi nyingine zikipita mbele yao, hadi Ellington akalalamika akiuliza kama wao ndio kikundi cha wanasarakasi. Walipopanda tena ilikuwa saa sita kasorobo za usiku. Wakaanza na "Take the 'A' Train", ikafuata ile suite mpya, halafu vipande viwili vya kutuliza, ndipo ikaja bluzi tunayoizungumzia. Kwa hiyo tayari ilikuwa baada ya saa sita, na watu walikuwa wakikusanya vitu vyao.

#9 Nahodha wa Chake

Nakubali kusahihishwa kuhusu studio, na namshukuru Kipaza Sauti. Hata hivyo, naona #8 imetupa jibu bila kujua. Ni hasira. Watu waliosubirishwa saa tatu, wakiongozwa na mtu wa miaka 57 aliyekuwa akihesabiwa kuwa amekwisha, walipopanda walikuwa na jambo la kulithibitisha. Mtu mwenye hasira aliyeizuia kwa adabu ndiye hatari kuliko wote jukwaani.

#10 Mkazi wa Rotterdam

Habari wakuu. Nimekuwa msomaji tu, lakini leo nimelazimika kuandika kwa sababu ya jina Gonsalves, ambalo mmelitaja mara nyingi bila kuuliza limetoka wapi.

Paul Gonsalves alizaliwa Brockton, Massachusetts, tarehe 12 Julai 1920, kwa wazazi wenye asili ya visiwa vya Cape Verde. Baba yake alimfundisha gita akiwa mtoto, na familia ilikuwa ikipiga nyimbo za nyumbani kwao. Pwani ile ya Massachusetts na Rhode Island imejaa watu wa Cape Verde tangu enzi za meli za kuwinda nyangumi. Kwa hiyo tarehe 7 Julai 1956, siku tano kabla ya kutimiza miaka 36, alikuwa akipuliza mbele ya watu wa nyumbani kwake, eneo alilokulia.

Hapa Rotterdam ninaishi mtaa mmoja na Wakepuvede wengi, na jirani yangu mmoja, mzee wa makamo, ananialika kila wanapokuwa na sherehe. Nimeona jinsi wanavyopiga: sauti moja inazungukazunguka juu ya gita kwa muda mrefu, inarudia neno lilelile kwa kulipinda kidogo kila mara, na hakuna anayeona haraka ya kumaliza. Nilipoisikiliza ile rekodi baada ya kuwazoea hawa, niliona kwamba Gonsalves hapandi ngazi kama wapuliza saksafoni wengine wa wakati ule waliokuwa wakipiga kelele za juu ili umati ulipuke. Anazunguka. Anakaa katikati ya chombo, anaviringisha sentensi ileile, anaigeuza. Sisemi kwamba nimepata jibu, bali nasema asili yake isiachwe nje ya hesabu.

#11 Mwalimu wa Noti

Mkazi wa Rotterdam, karibu sana, na ungeanza kuandika zamani. Nakuunga mkono kuhusu kuzunguka, lakini kuhusu chanzo chake nina wasiwasi. Gonsalves alimpenda mno Ben Webster, aliyekuwa nyota wa saksafoni ya tena kwa Ellington miaka ya arobaini, na kabla ya kujiunga na Ellington mwaka 1950 alikuwa amepita kwa Count Basie na kwa Dizzy Gillespie. Kule kwa Gillespie ndiko mtu anakojifunza kupinda sentensi katikati ya mwendo wa kasi. Mtu anaweza kuwa na baba wa Cape Verde na bado akajifunzia New York.

#12 Mkazi wa Rotterdam

Anaweza pia kujifunzia New York akiwa na masikio aliyopewa na baba yake.

#13 Mjukuu wa Kariakoo

Naona mmemwacha mama yangu mwenye gauni jeusi peke yake sakafuni, nami sitamwacha.

Mwalimu na Kipaza Sauti, ninyi mnazungumza kama watu waliozoea kusikiliza wakiwa wamekaa. Sisi wa muziki wa dansi tuna neno letu kwa kilichotokea Newport, nalo ni chemko. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anasimulia yake, watu wanasogea kidogo. Halafu maneno yanaisha, magita yanaanza kuzunguka, midomo ya bata inaingia kwa pamoja, na hapo ndipo mtu anaweka kinywaji chake chini. Bendi zetu nyingi zilijiita jazz, kuanzia Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932 hadi NUTA Jazz ya 1964 na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Wataalamu wamekuwa wakisema jina lilikuwa la kuazima tu, kwa sababu muziki ulikuwa rumba na cha cha cha. Mimi nikiisikia "Diminuendo" ya Newport sioni kuazima. Naona sehemu ya kwanza, na naona chemko.

Chemko haiji bila mchezaji. Mpiga gita la solo anaangalia miguu. Muulizeni yeyote.

#14 Mpiga Besi wa Zamani

Umeniuliza, nami najibu. Ni kweli tuliangalia miguu. Lakini tuliangalia pia uso wa mwenzako, na hilo wachezaji hawakuliona.

Usiku mmoja, katika mji ambao sitautaja, tulifika ukumbini tumechelewa kwa sababu basi liliharibika njiani, na mwenye ukumbi akatusubirisha nje hadi bendi nyingine imalize, bila hata maji ya kunywa. Tulipanda jukwaani karibu saa saba. Watu walikuwa wachache na wamechoka, na sakafu ilikuwa tupu kabisa. Mpuliza saksafoni wetu, ambaye siku zote alikuwa akipuliza mizunguko miwili na kukaa, usiku ule hakukaa. Alipofika wa tatu nikamtazama, akanitazama, nikaelewa kwamba hajui atasimama wapi. Nikaacha kila pambo nililokuwa nikiliweka, nikabaki na noti tatu tu. Mpiga tumba naye akapunguza. Tulimtandikia mkeka. Alipuliza hadi jasho likawa linadondoka kwenye vitufe vya saksafoni na vidole vikaanza kuteleza, akawa anapangusa mkono mmoja kwenye suruali huku mwingine unaendelea. Wachezaji waliingia baadaye kabisa. Kwa hiyo, mjukuu wangu, kuna usiku ambao miguu inafuata.

Hili pia linanifanya nimwelewe Nahodha kuhusu hasira, ingawa mimi ningeiita njaa.

#15 Msikilizaji wa Usiku

Naomba kuuliza kama mgeni: je, ni kweli kwamba Gonsalves alikuwa hajawahi kupuliza vile kabla ya Newport, na kwamba Ellington alilibuni jambo hilo palepale jukwaani? Nimesoma hivyo mahali fulani. Naongeza pia kwamba kwangu mimi usiku wa mpiga piano Keith Jarrett kule Köln, Ujerumani, Januari 1975, na ile piano mbovu, ni muujiza mkubwa zaidi, maana alikuwa peke yake.

#16 Santuri Kongwe

Karibu, ndugu. Köln inastahili uzi wake, ufungue nasi tutakuja. Kuhusu swali lako, si kweli. Gonsalves alikwishapewa nafasi ileile katikati ya kipande hikihiki miaka mitano kabla, mwaka 1951, kwenye klabu ya Birdland, New York, na matangazo ya redio ya wakati ule yapo. Newport, Ellington alimkumbusha tu wapi pa kuingia na kumwambia apulize hadi atakapotosheka.

Sasa jambo hili linanitatiza mimi mwenyewe, niliyeanza uzi nikisema ni pumzi ya Gonsalves. Kama mtu yuleyule, kwa kipande kilekile, alipuliza vilevile mwaka 1951 na dunia haikugeuka, basi pumzi peke yake haitoshi.

#17 Nahodha wa Chake

Hapo ndipo ninapoingiza hoja ambayo hakuna aliyeigusa. Mwaka 1951 hapakuwa na santuri iliyotoka baada ya usiku ule, wala jarida. Columbia ndio walioanzisha santuri ndefu ya LP mwaka 1948, na Ellington alikuwa ametia saini nao muda mfupi tu kabla ya Newport. Kipande cha dakika 14 kisingeweza kuingia kwenye santuri ya zamani bila kukatwakatwa vipande vitano. LP ilikimeza kizima, ikawa ndiyo santuri yake iliyouzwa kuliko zote. Mwandishi wa Time, kwa taarifa yenu, alikuwa amekwishaanza kumfuatilia Ellington kabla ya tamasha. Huenda umati mwingine uliwahi kusimama juu ya viti mahali pengi tusipopajua, na tofauti ya Newport ni kwamba kanda ilikuwa inazunguka.

#18 Kipaza Sauti

Hoja nzito. Lakini kanda haikumpandisha yeyote kwenye kiti usiku ule. Swali la mwenye uzi lilikuwa kuhusu watu waliokuwa pale.

Naongeza jambo moja ambalo wengi hawalijui. Baada ya kipande kuisha, Wein alitaka kufunga maonyesho. Ellington alikataa, kwa sababu alijua kwamba umati uliopandishwa vile ukiachwa ghafla ndipo unapovunja vitu. Akamwita Johnny Hodges apige mambo ya taratibu, "I Got It Bad" na "Jeep's Blues", kisha Ray Nance akaimba. Alikuwa akiwateremsha ngazi baada ya ngazi. Mtu anayejua kuteremsha hivyo bila shaka alijua alivyopandisha.

#19 Mwalimu wa Noti

Ndicho nilichokisema kwenye #3.

#20 Mpiga Besi wa Zamani

Mwalimu, ulisema muundo. Yeye anasema kiongozi wa bendi. Hayo ni mambo mawili, na mimi nimeishi chini ya viongozi waliokuwa na muundo bila macho.

#21 Binti wa Ujiji

Nimerudi baada ya siku chache, na ninaleta taarifa.

Nilizipata rekodi zote mbili, ya zamani na ya 1999, nikaenda nazo kwa mjomba wangu, mdogo wake marehemu baba. Mjomba alipuliza saksafoni ya alto kwenye bendi ya dansi tangu ujana wake hadi meno ya mbele yalipomkatalia. Sikumwambia swali wala sikumwambia majina. Nilimwambia tu asikilize.

Rekodi ya kwanza aliisikiliza amekaa, mikono juu ya magoti. Umati ulipoanza kupiga kelele, karibu na mzunguko wa saba, aliinua kichwa na kusema kuna mtu ameingia sakafuni. Mjukuu wa Kariakoo, nilikukumbuka sana hapo. Rekodi ya pili ilipoanza alivuta kiti, akalaza sikio kwenye spika. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya mkono wa kiti, vile vya kulia na vile vya kushoto, kama vile chombo kipo. Mara tatu aliniomba nirudishe nyuma, na mara zote tatu ilikuwa mahali palepale, mahali ambapo nilidhani hapana kitu. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta mahali anapovutia pumzi, na kwamba amepata pawili tu ambapo angepatarajia, na pengine pote mtu huyu anaiba.

Tulipomaliza nilimweleza yote: mwanamke wa gauni jeusi, gazeti lililokunjwa, saa tatu za kusubiri, Cape Verde, vipaza sauti viwili. Alisikiliza kila kitu kwa utulivu. Kisha akaniambia nirudishe tena kutoka mwanzo, safari hii nisipandishe sauti, nishushe, kwa sababu anataka kumsikia yule wa besi.

#22 Mpiga Besi wa Zamani

Mpe salamu zangu mjomba. Mwambie asikilize mzunguko wa kumi na moja hadi wa kumi na nne, halafu utuletee atakachokisema.